Adui ni Geji: Filamu za Nyuklia na Msimuliaji wa Kiswahili

Ndugu watafsiri wa filamu, waandishi wa skripti, na nyinyi wapenzi wa sinema mliojaa mpaka mlangoni, hamjambo? Tuingie moja kwa moja.

Kuna tukio la sekunde chache katika The China Syndrome, filamu iliyotoka Marekani Machi 16, 1979. Mtambo wa umeme wa nyuklia umetetemeka, taa za hatari zinawaka, na mkuu wa zamu, anayeigizwa na Jack Lemmon, anaikodolea macho geji ya kina cha maji ndani ya kinu. Geji inasema maji yamezidi. Anaamuru yapunguzwe. Yanapunguzwa, lakini geji inashikilia neno lake. Yanapunguzwa tena. Halafu kioo cha geji kinagongwa kwa kidole, na mshale uliokuwa umekwama unaporomoka. Chumba kizima kinapigwa na butwaa. Kumbe maji yalikuwa yanakwisha.

Hapo hakuna bunduki wala gari linalofukuzwa, kwa hiyo msimuliaji, yule anayewatafsiria watazamaji filamu kwa sauti, akiwa amezoea filamu za kareti hupita juu kwa juu akitafuta pa kuchekesha. Anapita juu ya kiini cha hadithi. Kwa lugha ya vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mitaani, kila filamu ina steringi, yaani shujaa, na adui. Katika filamu ya kinu, mara nyingi adui wa kweli ni geji: chombo ambacho mafundi wa zamu wanakiamini, nacho kinawadanganya. Ukishamtambua adui huyo mapema, utajua pa kuinua sauti na pa kunyamaza, na utajua pia mwongozaji alipoanza kutunga ya kwake.

Siku 12 baada ya filamu hiyo kuanza kuonyeshwa, Machi 28, 1979, kinu namba 2 cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kiliharibika kikweli. Ndani ya filamu kuna mtaalamu anayesema ajali ya namna hiyo ingeweza kulifanya eneo la ukubwa wa Pennsylvania lisikalike. Watu wakaona kama utabiri. Kilichofanana hasa na filamu, hata hivyo, kilikuwa kile kidogo: chombo kilichosema uongo.

Ilikuwa saa 10 alfajiri. Pampu za kupeleka maji kwenye majiko ya mvuke zilizima. Joto likakosa pa kwenda, presha ikapanda, na vali ya kupunguza presha ikafunguka kama ilivyoundwa. Kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde nane. Mpaka hapo kila kitu kimefanya kazi yake. Presha iliposhuka, vali ilitakiwa ijifunge. Haikujifunga. Mezani palikuwa na taa ya vali hiyo, nayo ilizimika, na mafundi wakaelewa kwamba vali imefungwa. Lakini taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme wa kuiamuru. Ilichosema ni "amri ya kufunga imetumwa", basi. Ni sawa na kumtuma mtoto akafunge geti na kuandika daftarini kwamba geti limefungwa.

Maji yakaendelea kutoka kwa saa 2 na dakika 22, mpaka vali nyingine ya mstari huohuo ilipofungwa. Wakati wote huo geji ya pili nayo ilipotosha: mvuke uliotokea ndani ya kinu ulisukuma maji juu kwenye tangi la presha, tangi likaonekana limejaa, na mafundi wakazipunguza pampu za dharura zilizokuwa zinaokoa kinu. Kengele zaidi ya 100 zilikuwa zinalia kwa pamoja. Mashine ya kuchapa taarifa za kengele ilichelewa kwa zaidi ya saa moja, ikawa inawaletea habari za zamani kama gazeti la juzi. Geji ya tangi linalopokea maji ya vali ile, ambayo ingewafichulia siri yote, ilikuwa nyuma ya paneli, usipofika bila kuzunguka. Karibu nusu ya kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli, iliyeyuka. Chungu cha chuma hakikutoboka, na hakuna aliyekufa siku hiyo.

Msikilizaji wako atauliza: kama kinu kilijizima ndani ya sekunde nane, kiliyeyushwa na nini? Swali hilo filamu nyingi hulikimbia, na msimuliaji anayelijibu kwa sentensi moja ameiokoa filamu. Kinu kikizimwa, mpasuko wa atomu unakoma, lakini vipande vya atomu zilizokwisha kupasuka vinaendelea kuoza na kutoa joto. Papo hapo kinapozimwa joto hilo ni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu kamili. Baada ya saa moja ni asilimia 1.5 hivi. Baada ya siku nzima ni karibu nusu ya asilimia moja. Ukisikia asilimia 7 unaweza kuona ni kitu kidogo, sasa piga hesabu: kinu kikubwa chenye joto la megawati 3,000 kikizimwa sasa hivi, bado kina joto la megawati 200, yaani kama uwezo wote wa kituo cha Kidatu, ukiwa umefungiwa ndani ya chungu kimoja. Kesho saa kama hizi bado kitakuwa na megawati 15. Joto hilo halina swichi. Dawa yake ni maji, na maji yanataka pampu, na pampu inataka umeme. Katika filamu, steringi akibonyeza kitufe na kinu kikazima, watu wanakumbatiana. Kwenye mtambo halisi, kitufe kikishabonyezwa ndipo kazi inapoanza.

Twende kwenye maneno, maana tunakosea sana hapo.

Mwigizaji akisema kinu kiko "critical", hapana haja ya kupiga kelele. Katika chumba cha udhibiti neno hilo lina maana ya hali ya kawaida kabisa: kila mpasuko unazaa mpasuko mwingine mmoja tu, moto haupandi wala haushuki. Kinu kisichofika hapo hakizalishi umeme. Sema "kinu kimewaka, kimetulia". Ikiwa uso wa mwigizaji unaonyesha hofu, basi mwandishi wa skripti hakuuliza wataalamu, na wewe una hiari ya kumrekebisha kimyakimya. Kinu kinapoyeyuka, sema kinayeyuka. Usiseme kinalipuka, na usiseme bomu. Urani ya kinu cha kawaida cha umeme ina asilimia 3 hadi 5 tu ya ile aina inayopasuka kwa urahisi, ilhali ya bomu hufika kama asilimia 90. Kinu kinaweza kupasua jengo kwa mvuke au kwa gesi ya haidrojeni, na kinaweza kuchafua wilaya nzima, ila hakigeuki Hiroshima. Mionzi ni mionzi, na vumbi lililobeba vitu vinavyotoa mionzi ni vumbi la mionzi. Tofauti hiyo ni kubwa: mionzi inakupiga na kupita kama mwanga wa jua, vumbi linakaa kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye majani anayokula ng'ombe.

Na rangi. Katuni ya The Simpsons inaanza kila wiki na kifito cha kijani kinachong'aa, na tangu hapo dunia nzima inaamini urani ni kijani. Vidonge vya fueli ya kinu ni vyeusi, vina urefu wa kama sentimita moja, havitoi mwanga wowote, na kabla havijaingia kinuni mfanyakazi huvishika kwa glavu tu. Kijani kile asili yake ni rangi za saa za zamani zilizochanganywa na radiamu. Mwanga wa kweli wa nyuklia ni wa buluu, nao unauona ndani ya maji ya bwawa lenye fueli iliyotoka kinuni. Ni mzuri kupita kijani cha katuni, kwa hiyo mtengeneza filamu hana kisingizio.

Sasa tufike Chernobyl, kwa sababu mfululizo wa HBO wa mwaka 2019, wa sehemu tano, ndio uliowafanya watu wengi wajadili nyuklia kwa mara ya kwanza. Umetengenezwa kwa ufundi mkubwa. Sehemu ya picha zake zilipigwa kwenye kituo cha Ignalina, Lithuania, chenye vinu vya ukoo uleule, kwa hiyo korido na mitambo mnayoiona si maboksi ya kadi. Lakini kuna mahali unasema kweli na mahali unachomekea, na msimuliaji anatakiwa ajue mpaka.

Kweli ya kwanza ni ile namba 3.6. Usiku wa Aprili 26, 1986, kinu namba 4 kimekwisha kupasuka, na wakubwa wanaambiwa kipimo kinasoma roentgen 3.6 kwa saa (roentgen ni kizio cha kupimia mionzi). Mkubwa anajibu kwamba hali si nzuri lakini si ya kutisha. Namba hiyo imetoka wapi? Vipimo vilivyokuwa karibu vilikuwa na kikomo cha roentgen moja ya elfu kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata 3.6. Ni kama mizani ya dukani inayoishia kilo 10: ukiiwekea gunia la mahindi, mshale unagota kwenye 10, halafu wewe unamwandikia mteja kilo 10. Kandokando ya vipande vya kiini vilivyotapakaa nje, kiwango halisi kilikuwa maelfu ya roentgen kwa saa. Ukisimama penye 15,000, dakika mbili zinatosha kukupa dozi inayoua. Kwa hiyo unapofika kwenye 3.6, usiisome kama namba tu. Mwambie mtazamaji: mshale umegota mwisho, na wakubwa wameamua kuamini kwamba mwisho wa mshale ndio mwisho wa hatari.

Kweli ya pili ni kile kitufe, AZ-5. Wengi wanakisimulia kama kitufe cha kulipua. Kilikuwa kitufe cha kuzima. Ngoja tukifuate taratibu, maana sehemu ya tano ya mfululizo inakieleza mahakamani kwa kadi nyekundu na za buluu, na pale ukipoteza uzi umepoteza kila kitu.

Walikuwa wanafanya jaribio: umeme wa nje ukikatika, je, turubaini inayoendelea kuzunguka kwa kasi yake yenyewe inaweza kuendesha pampu mpaka jenereta za dizeli zishike? Jaribio lilitakiwa lifanyike kinu kikiwa kati ya megawati 700 na 1,000 za joto, kutoka uwezo kamili wa 3,200. Kikawaangukia mpaka 30. Kinu kikishushwa hivyo, hujaa zenoni, gesi inayomeza nyutroni, zile chembe zinazoendeleza mpasuko, kama mchanga unavyozima moto. Ili wakipandishe, wakazivuta nje fito za kudhibiti, ambazo nazo kazi yake ni kumeza nyutroni, moja baada ya nyingine. Walikuwa na fito 211; zilizobaki ndani zilikuwa na nguvu ya kama fito 8 tu, wakati kanuni haikuruhusu kushuka chini ya 15. Na hapa adui wetu anarudi: hesabu ya fito hizo haikuwa kwenye geji mbele ya fundi. Ilitolewa na kompyuta iliyokuwa mbali na meza yake, na ilichukua dakika kadhaa kila ilipopigwa. Kinu kikapanda, kikagota kwenye 200.

Saa 7 na dakika 23 usiku jaribio lilianza, kisha kitufe kikabonyezwa, fito zikaanza kushuka. Karibu kila ufito ulikuwa umening'iniza chini yake kipande cha grafiti cha mita 4.5, na chini ya grafiti mlikuwa na maji yenye kimo cha mita moja na robo. Maji yale yalikuwa yanameza nyutroni. Grafiti haimezi, inausaidia mpasuko. Kwa hiyo ufito ulipoanza kushuka, kabla sehemu yake inayomeza nyutroni haijafika, grafiti ilisukuma maji nje na kuuongezea moto nguvu sehemu ya chini. Fito zilihitaji kama sekunde 18 kufika chini. Hazikupewa muda huo. Breki ilikanyaga mafuta kwanza.

Hayo mfululizo umeyaeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Sasa yale ya kuchomekea. Helikopta inayoanguka siku za mwanzo baada ya kupita juu ya moshi haikuanguka hivyo: ajali ya helikopta ilitokea Oktoba 2, 1986, na sababu yake ilikuwa panga kugusa kamba ya winchi. Ukisimulia kwamba "mionzi imeiangusha", umeeneza uongo wa mwongozaji. Ile hofu kwamba maji ya chini ya kinu yangesababisha mlipuko wa megatoni kadhaa, kipimo cha mabomu makubwa ya nyuklia, haina msingi wa fizikia. Mlipuko wa mvuke ungewezekana, wa kiasi hicho hapana. Watu watatu waliozama chini kufungua vali walitoka wakiwa hai. Profesa Legasov, mhusika mkuu wa mfululizo, hakuwepo mahakamani ile Julai 1987, na mwanasayansi Ulana Khomyuk ni mhusika wa kubuni anayewawakilisha wengi, jambo ambalo mfululizo wenyewe unakiri mwishoni.

Kibaya zaidi kwa watazamaji wetu ni hospitali. Zimamoto amelazwa nyuma ya plastiki, mkewe anaambiwa asimguse, na mtu anatoka ukumbini akiamini ugonjwa wa mionzi unaambukiza. Hauambukizi. Nguo zake zilikuwa na vumbi la mionzi, ndiyo sababu zilivuliwa. Mgonjwa akishavuliwa na kuoshwa, hatari yake kwa wengine ni ndogo. Plastiki ile kwanza ni ya kumkinga yeye na vijidudu, kwa kuwa uboho wake umekufa na damu haina tena askari. Sentensi moja ya msimuliaji inaweza kurekebisha hilo, na inastahili kusemwa, hasa kwetu ambako watu hupigwa mionzi hospitalini kutibiwa saratani na kurudi nyumbani kwa watoto wao.

Tukio ninaloliona bora kuliko yote ni mwanzo wa sehemu ya nne. Bibi kizee anakamua ng'ombe. Askari anataka aondoke. Bibi anamsimulia vita na njaa alizozipita akiwa palepale. Askari anachukua ndoo, anamwaga maziwa chini. Bibi anakamua tena. Wasimuliaji wengi hulifanya tukio la huzuni tu, la mzee na mifugo yake. Lakini tazameni maziwa. Iodini yenye mionzi ilitua kwenye majani, ng'ombe akala, maziwa yakaibeba, mtoto akanywa, tezi ya shingoni ikaikusanya kwa sababu tezi hupenda iodini na haiwezi kutofautisha nzuri na mbaya. Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo wiki za kwanza ndizo zilizoumiza, kule ambako maziwa hayakumwagwa. Kufikia mwaka 2005, wagonjwa wa saratani ya tezi zaidi ya 6,000 walikuwa wamegunduliwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali katika Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, na sehemu kubwa inahusishwa na maziwa hayo. Waliokufa kwa ugonjwa mkali wa mionzi miezi ya mwanzo walikuwa 28, ukiacha wawili wa usiku ule wa ajali. Moto na paa la grafiti vinapendeza kwenye skrini. Ndoo ya maziwa ndiyo iliyofika mbali.

Fukushima nitaipitia haraka, ila kwa kitu kimoja. Kuna mfululizo wa Kijapani wa mwaka 2023, The Days. Mkiutazama, subirini betri za gari. Machi 11, 2011, tsunami ya mita kama 14 ilifunika jenereta zilizowekwa vyumba vya chini, na chumba cha udhibiti kikawa giza, geji zote zimekufa. Mafundi wakaenda kung'oa betri za magari na mabasi, wakaziunga mbilimbili kupata volti 24, wakaamsha geji ya maji. Saa 3 na dakika 19 usiku geji ya kinu namba 1 ikasoma: maji yako sentimita 20 juu ya fito za fueli. Ahueni. Uongo tena! Geji ya aina ile hulinganisha maji ya kinuni na maji yaliyo kwenye bomba la pembeni; joto lilikuwa limeyakausha yale ya bomba, kwa hiyo kinuni kukaonekana kumejaa. Kwa uchambuzi uliofanywa baadaye, fito zilikuwa zimekwisha kuanza kuharibika jioni ileile. Kesho yake saa 9 na dakika 36 alasiri paa la jengo likaruka. Haidrojeni hiyo: ganda la fito, madini ya zikoniamu, likipata joto kali kwenye mvuke huzaa haidrojeni. Linganisheni na ile geji ya Jack Lemmon, iliyobuniwa studio miaka 32 nyuma.

Mabomu sasa. Hapa sinema ina mazoea mabaya mawili. La kwanza ni saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma na waya mbili za kuchagua. Lile bomu la jangwa la New Mexico, Julai 16, 1945, lilibanwa na baruti iliyogawanywa vipande 32 vinavyotakiwa kuwaka kwa pamoja, tofauti yake ikipimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Likilipuka upande mmoja halifiki popote pa nyuklia. Kwa hiyo steringi anayelipiga risasi bomu anaweza kutawanya sumu na kufa kwa baruti, lakini mji hautapotea.

La pili ni sauti. Mwanga unafika papo hapo. Sauti inatembea mita 340 kwa sekunde. Aliyekuwa kilomita 16 kutoka lile bomu la kwanza aliona usiku ukigeuka mchana, akakaa katika kimya kwa karibu sekunde 47, ndipo kishindo kikamfikia. Filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023 ililiheshimu hilo: moto unapanda, unasikia pumzi tu. Ndugu msimuliaji, kipaza sauti kizime. Najua kimya kinatisha. Kibanda kizima kitadhani spika imeharibika. Wacha wadhani.

Kuhusu vumbi baada ya bomu, kuna kanuni rahisi ambayo waandishi wa skripti hawaitumii: muda ukizidishwa mara 7, ukali wa mionzi ya vumbi unapungua mara 10. Kama saa moja baada ya mlipuko ni roentgen 1,000 kwa saa, baada ya saa 7 ni 100, baada ya siku 2 ni 10, baada ya wiki 2 ni 1. Ndiyo maana siku mbili za kwanza ndani ya nyumba ya ukuta mnene zinaokoa maisha. Steringi anayetoka asubuhi yake kutafuta mchumba amekosea, na filamu inayosema hapakaliki kwa miaka elfu nayo imekosea. Bomu la Hiroshima lililipukia angani, kama mita 600 juu, halikuchimba shimo wala halikuinua udongo mwingi, mji unakaliwa. Linalolipuka ardhini ndilo linalopandisha udongo na kuushusha ukiwa sumu. Threads ya BBC, ya mwaka 1984, iliyouweka mji wa Sheffield katika vita hivyo, ndiyo iliyochukua hesabu za namna hii kwa uzito kuliko nyingine. Haichekeshi, na msijaribu kuichekesha.

Hata Godzilla lina hesabu nyuma yake. Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu kisiwani Bikini likitarajiwa kutoa megatoni 6, likatoa 15, kwa kuwa aina mojawapo ya lithiamu waliyodhani haitafanya kitu ilifanya. Majivu meupe ya matumbawe yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya mashua yao. Mmoja alikufa Septemba. Novemba mwaka uleule Godzilla likatoka, nalo linaanza na chombo cha baharini kinachomulikwa na mwanga usiojulikana. Msimuliaji anayeanza na mjusi amechelewa.

Kwenye WarGames, ya 1983, geji imekuwa kompyuta nzima: kijana anacheza mchezo, jeshi linaona makombora. Wengi wanaicheka kama ya kitoto. Novemba 9, 1979, programu ya mazoezi iliingia kwenye kompyuta halisi za ulinzi wa anga za Marekani na skrini zikajaa makombora. Juni 1980 chipu ya senti 46 iliharibika na kuandika namba 2 mahali palipotakiwa kuwa sifuri, idadi ya makombora ikapanda kwa maelfu. Septemba 26, 1983, miezi michache baada ya filamu, setilaiti ya Kisovieti iliona makombora matano. Kumbe ni jua kwenye mawingu, na afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaripoti kwamba ni kasoro ya mitambo. Rais Reagan aliitazama WarGames siku zilezile ilipotoka, akawauliza majenerali kama linawezekana, wakamjibu kwamba hali ni mbaya kuliko hapo. Septemba 1984 akasaini agizo la kulinda kompyuta za serikali.

Nina neno kwa wenzetu wa Lubumbashi na Likasi kabla sijarudi kwenye geji. Katika Oppenheimer, urani inaonyeshwa kama gololi zinazodondoshwa kwenye bakuli la kioo, chache chache, mpaka lijae. Sehemu kubwa ya gololi hizo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, mgodi wenye mawe ambayo mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi ya kwingine inahangaika na chini ya asilimia moja. Zaidi ya tani 1,200 zilisafirishwa mpaka ghala la Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla jeshi la Marekani halijaja kuziulizia. Filamu ina saa tatu na haionyeshi mgodi hata mmoja. Gololi inapodondoka panakuwa na nafasi ya sekunde mbili tatu bila maneno. Zinatosha kusema "hii ni ya Katanga".

Basi, tulirudie lile tukio la Jack Lemmon, safari hii lisimuliwe.

"Mtambo umetikisika. Mkuu wa zamu anatazama geji ya maji. Inasema maji yamejaa. Anasema toeni. Wanatoa. Geji: yamejaa. Toeni tena. Watu wangu, kinu kimeshazimwa, lakini joto lake bado lipo, na kinachokizuia kuyeyuka ni haya maji wanayoyamwaga. Tazameni mshale. Hautikisiki, mtambo mzima umetikisika na wenyewe umetulia tuli. Kidole hicho... kinagonga..."

Na hapo unanyamaza.